Dhiraa Moja na Shibiri

Mama alipiga simu baada ya sala ya alfajiri, akasema, "Leo tumeinua wote watatu."

Alikuwa amepanda juu ya kichuguu, maana huko walikokuwa mtandao haushuki chini. Nilisikia upepo zaidi ya sauti yake. Nikamwambia, "Sawa, hooyo," kama tunavyomwita mama kwa Kisomali. Nilitaka kusema mengine, lakini kwenye simu mimi huishiwa na maneno mapema. Yeye anajua hivyo, akakata.

Hao watatu ndio ng'ombe wetu waliobaki: jike mweupe, jike wa kijivu na mtamba mwekundu. Ng'ombe aliyekondeshwa na ukame akilala usiku hawezi kusimama mwenyewe asubuhi. Lazima ainuliwe. Mmoja hushika mkia, mwingine pembe, wa tatu huingiza bega chini ya kifua, kisha watu husema bismillahi na kuvuta pamoja. Akishasimama, miguu hukumbuka kazi yake na anaweza kujikokota mpaka jioni. Akishindwa kuinuka siku mbili, watu huacha kujaribu, na hakuna anayetangaza kwamba wameacha. Kule walikuwa wainuaji watatu tu: mama, dada yangu mdogo, na mama mmoja jirani ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha.

Mimi nilikuwa mjini Garissa, nyumbani kwa abti, kaka yake mama. Nilihamia kwake nilipomaliza darasa la nane, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuitunza pikapu yake. Chini ya mwarobaini wa uwanjani tulikuwa tumepanga marobota kumi na mawili ya nyasi kavu kutoka mashamba ya mtoni. Nyasi zilikuwa hapa na ng'ombe walikuwa kule, mwendo wa nusu siku kwenye njia ya mchanga ya kwenda Hulugho. Wenye malori hawakubali kuiacha barabara kwa ajili ya marobota kumi na mawili. Ilibaki pikapu, na pikapu ilikuwa inamisi. Ukikanyaga mafuta inakohoa, inatetemeka, kisha inakaa kimya kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Jumamosi hiyo tuliisukuma mpaka kwa fundi. Ni mtu wa bara, mnene, mwenye maneno mengi, na karakana yake ni mti mmoja na turubai moja. Alifungua boneti akacheka.

"Mzee, hii gari ilizaliwa kabla yangu."

"Na itakuzika," abti akamjibu. "Wacha kelele, angalia shida iko wapi."

Fundi alichukua shuka ya abti kutoka kiti cha mbele, akanifunika kichwa pamoja na injini. "Ingia hapo, kijana. Ona disko ya bure."

Akawasha gari. Gizani mwa ile shuka niliona moto mdogo wa buluu ukiruka kutoka kwenye waya za plagi, hapa na pale, ukigonga chuma, tik, tik, tik. Waya zilikuwa zimepasuka ngozi. Moto uliotakiwa kufika kwenye plagi ulikuwa unamwagika njiani. Lilikuwa jambo la kupendeza kutazama, na nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu chini ya shuka hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Fundi alizichomoa moja moja na kuzipima kwa taa yake. Zile fupi zilikuwa zinaumwa tu. Ile ndefu, inayokwenda silinda ya kwanza, mbali kabisa na distribyuta inayogawa moto, ilikuwa imekufa. Imekatika ndani kwa ndani.

"Badilisha zote," alisema. "Lakini muangalie vizuri. Hii kofia ya distribyuta ni ya zamani. Waya inaingia ndani ya tundu, hivi. Za siku hizi zinavaa juu kama soksi. Ukinunua za soksi, hazishiki."

Jumapili tulikwenda madukani. Duka la kwanza walikuwa na za soksi tu. Duka la pili pia. Katika la tatu alikuwako kijana wa umri wangu, mwenye vipuri vimening'inia mpaka mlangoni, na yeye alizishika waya zetu kuukuu kwa heshima, akazigeuza, akapiga picha kwa simu.

"Ziko Nairobi," alisema. "Za hii gari yenyewe, kila moja na urefu wake. Nikiagiza sasa, basi la usiku linabeba. Kesho asubuhi mnakuja kuchukua."

Nikapiga hesabu. Jumatatu asubuhi waya, Jumatatu jioni nyasi ziko kwa mama. Nilimtazama abti nikingoja aseme ndiyo.

Abti alikuwa anatazama barabarani. "Tutarudi," akasema.

Nje aliniambia kwa Kisomali, "Binamu yetu ana duka la vipuri Elwak. Anakata waya mwenyewe, nzuri, zinazotoka ng'ambo. Nikinunua kwa mtu baki, atasikia. Mwaka ule gari hili lilipokwama kwake alituchinjia mbuzi."

Ni kweli, alituchinjia. Nami najua ilivyo kwetu. Mtu akiwa na duka, jamaa zake wakinunua kwingine ni kama wamemwambia mbele ya watu kwamba bidhaa yake ni mbaya. Sikuwa na neno la kushindana na hilo. Nilifikiri tu kwamba Elwak ni mbali, na basi la huko linapita Wajir, na linafika likitaka.

Tulirudi nyumbani. Abti alinyoosha ile waya ndefu juu ya boneti, akaweka kiwiko chake mwanzoni mwake na kunyoosha vidole. Dhiraa moja. Kisha akatandaza kiganja, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Shibiri moja. Waya ikaishia pale pale kwenye ukucha wake. Akafurahi, akapiga simu.

"Nikatie tano," alimwambia binamu yake. "Zote sawa. Dhiraa moja na shibiri moja. Za kuingia tunduni, si za soksi. Zikizidi si shida, tutazikunja."

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu. Abti ni mrefu. Akiingia mlango wa duka huinamisha kichwa. Yule binamu wa Elwak nilimwona mara moja, kwenye harusi, na watu walikuwa wanamtania kwamba ng'ombe akipita mbele yake anapotea mpaka ng'ombe amalize kupita. Ni mtu mfupi sana, mwenye mikono mifupi, mkarimu. Na mama yangu, ambaye hajasoma hata siku moja, tangu utotoni alikuwa akiniambia: ukienda kununua kamba, nenda na mtu mrefu.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki kusema kwamba sikujua. Niliona ile mikono miwili akilini, mmoja kando ya mwingine. Nilitakiwa kusema jambo moja tu: abti, mwambie apime kwa futi. Nililitayarisha hilo neno. Nililitayarisha alipokuwa anauliza hali ya watoto wa huko, na alipokuwa anauliza bei ya ngamia, na alipokuwa anaaga. Kumkatiza mkubwa kwenye simu, na kumwambia kwamba jamaa yake ni mfupi, ilionekana kitu kikubwa kuliko mimi. Simu ikakatwa.

Ningeweza kusema baadaye pia. Jioni tulikula pamoja sahani moja, abti na mimi.

Jumatatu mama alipiga. "Leo wote watatu, lakini wa kijivu alitushinda mara mbili kwanza."

Jumanne alipiga. "Mweupe na mtamba. Wa kijivu tutajaribu tena adhuhuri." Sauti yake haikubadilika. Mama husema habari zote kwa sauti moja. "Nyasi ziko njiani?"

"Zinakuja, hooyo. Tunangoja waya."

"Waya ya nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza kisha akasema, "Sikujua kwamba gari nalo hukonda."

Jumatano, kabla ya adhuhuri, basi la Wajir lilifika. Kifurushi kilikuwa mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa kwa uzi, na pamoja na waya binamu alikuwa ameweka tende za watoto. Waya zilikuwa nzuri. Nyekundu, nene, laini kama mkia wa mwanakondoo. Abti alizionyesha kwa kila aliyepita.

Fundi alisema nizitie mwenyewe ili nijifunze. Nilikuwa nazipenda kazi za namna hiyo, zinazotaka vidole na hazitaki maneno. Alinionya nisichomoe zote kwa pamoja. "Ukichanganya, injini itapigana yenyewe kwa yenyewe." Nilizichomoa moja moja, nikishika kofia ya mpira wala si waya yenyewe, nikiizungusha kidogo kwanza. Ili nisipotee, kila moja niliikata alama kwenye mpira kwa kisu, kama tunavyokata masikio ya mifugo yetu: mkato mmoja mbele, mkato mmoja nyuma, miwili mbele, miwili nyuma. Fundi aliona akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa hii ni injini au zizi?"

"Mwache," abti akasema. "Yeye anajua ng'ombe yake."

Waya ya tano, ile ya koili inayoleta moto kwenye distribyuta, iliingia. Silinda ya nne iliingia, ikabaki ndefu, nikaikunja. Ya tatu. Ya pili. Kila ilipoingia ilitoa mlio mdogo, tap, na niliupenda ule mlio. Kisha nikaifikia ya kwanza. Niliisukuma kwenye plagi, nikaivuta kuelekea distribyuta, nikaipitisha kwenye vishikizo vyake vya zamani vinavyoizungusha mbali na ekzosi, lile bomba la moshi lenye joto. Haikufika. Ilipungua vidole vinne.

Niliivuta tena, kana kwamba vidole vinne vilikuwa vimejificha mahali.

Fundi akaja kutazama. Akatazama waya, akamtazama abti. "Mzee, nani alipima hii?"

"Mimi."

"Na nani alikata?"

Abti alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ameelewa, na kwamba ameelewa kuwa nami nilijua. Alinitazama kidogo tu.

"Niagize Nairobi," fundi akasema. "Moja tu. Kesho iko hapa."

Asubuhi ile mama alikuwa amesema wa kijivu hakuinuka hata adhuhuri ya jana, na kwamba mtamba sasa anainuliwa na watu wanne. Walimwita mzee mmoja mgonjwa aje kushika mkia. Kesho ilikuwa siku nyingine nzima. Tena kulikuwa na lile jambo jingine ambalo abti hakulisema: karakana ilikuwa imejaa watu waliozisifu waya, na baadhi yao wana jamaa Elwak.

"Itafika," abti akasema. "Itoe kwenye vishikizo. Pitisha moja kwa moja."

Ilipopitishwa moja kwa moja, ilifika. Ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, juu ya ekzosi. Fundi alikata kopo la maziwa ya unga, akatengeneza bati dogo la kuikinga na joto. Akatikisa kichwa akifanya hivyo. Kisha akawasha.

Lazima niseme ukweli kuhusu dakika ile. Injini iliwaka mara moja, na ikanguruma kwa sauti moja, bila kukohoa. Silinda zote nne. Nilifunika kichwa kwa shuka nikatazama, na hakukuwa na moto wa buluu popote. Kulikuwa na giza tu, na harufu ya mpira mpya. Sijawahi kuona giza zuri namna ile. Nilipotoka abti alikuwa anacheka, na mimi nilicheka.

Tulipakia jioni. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, abti akiendesha, mimi kando yake, marobota kumi na mawili nyuma na mitungi sita ya maji. Mama hakupiga simu. Nilijiambia labda upepo ni mkali juu ya kichuguu.

Mpaka jua lilipopanda tulikwenda vizuri. Kisha mchanga ukaanza, na mtetemeko. Mara ya kwanza waya ilipochomoka kwenye distribyuta, abti alisimama, nikashuka, nikaisukuma tunduni, tukaendelea. Mara ya pili nikaifunga kwa uzi. Mara ya tatu uzi ulikuwa umekatika na lile bati la kopo limeanguka njiani, mahali tusipojua. Waya ilikuwa imelalia ekzosi. Ule mpira mwekundu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama ulimi, na ndani yake uzi wa chuma ulikuwa umekatika.

Niliijaribu ile waya ya zamani, iliyokufa. Nilijua imekufa, nikaijaribu. Nikajaribu zile fupi za zamani, nikijua ni fupi. Nikahamishia hapo waya mpya ya silinda ya nne na kuirudisha ile fupi yake ya zamani, lakini moto wa ile ya zamani ulimwagika njiani, na silinda zikabaki tatu.

Kwa silinda tatu pikapu ilitaka kwenda, lakini si na mzigo ule, wala si kwenye mchanga ule. Ilichimba mashimo ikakaa ndani yake. Abti aliketi kivulini mwa mlango. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Waryaa, kijana. Siku ile nilipopiga simu. Ulitaka kusema kitu."

"Ndiyo, abti."

"Kwa nini hukusema?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli, na jibu la kweli kwangu huchelewa. Lilipokuwa bado linakuja, yeye akasema, "Hata mimi nilijua ni mfupi. Tumecheza pamoja utotoni. Niliona aibu kumwambia apime kwa futi, kama naagiza kwa mgeni."

Alasiri alipita mwenye mkokoteni wa punda, akitoka kutafuta maji. Punda wake naye alikuwa mifupa. Alikubali kubeba marobota manne na mitungi miwili, kwa sharti kwamba punda ale njiani. Abti alibaki na gari. Mimi nilitembea kando ya mkokoteni. Punda alikula robota moja kabla ya jua kuzama, na sikuweza kumkataza, kwa sababu bila yeye yale matatu yasingefika.

Tulifika Ijumaa, adhuhuri. Kwa mbali niliona dada yangu amesimama, na sikuona mnyama aliyesimama.

Yule wa kijivu alikuwa amekufa, nao wamemvuta mbali, upande ambao upepo unakwenda. Mweupe alikufa Alhamisi asubuhi. Ndiyo maana mama hakupanda kwenye kichuguu. Mtamba alikuwa hai. Alikuwa amelala ubavu, na mama ameketi amekipakata kichwa chake, amemkinga jua kwa mtandio wake.

Nilifungua robota. Nyasi zilikuwa bado na harufu ya mtoni. Mama alichukua kiasi cha ngumi, akazilowesha, akazitia mdomoni mwa mtamba. Tulingoja. Taya halikusogea. Mama akaingiza vidole, akazisukuma ndani kidogo, kama anavyolishwa mtoto. Zikatoka upande wa pili, safi kama zilivyoingia.

"Tumuinue," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku nyingi kusema kitu bila kuulizwa.

Mama alinitazama. Akaondoka mahali pake, akaushika mkia. Dada yangu akashika pembe. Mimi nikaingiza bega chini ya kifua, na mwenye punda akaja upande wangu. Tukasema bismillahi. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo ninalolikumbuka, alivyokuwa mwepesi. Tulimuinua kwa urahisi. Lakini miguu yake ilining'inia, haikutafuta ardhi. Tulimshikilia hivyo mpaka mikono ikatetemeka, tukamrudisha chini polepole. Hatukujaribu tena. Hakuna aliyetangaza.

Zile nyasi mama alimpa mwenye punda. Mama na dada yangu walikuja Garissa nami, na sasa tunaishi uwanjani kwa abti, sote pamoja. Mama huamka kabla ya alfajiri kwa mazoea, akakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Pikapu ilivutwa mpaka nyumbani. Iko chini ya mwarobaini, boneti wazi, na kuku wanataga kwenye kiti. Marobota yaliyobaki yaliuzwa.

Baada ya wiki kadhaa binamu wa Elwak alimpigia abti. Tulikuwa tunakunywa chai, mama pia alikuwapo. Waliulizana habari za nyumba na za mvua, kila mmoja akisema alhamdulillahi. Kisha nikasikia sauti ndogo ya binamu, yenye furaha, ikiuliza kuhusu waya.

"Nzuri," abti akasema. "Mungu akulipe." Kisha akasema, "Huyu hapa kijana aliyezitia," akaninyooshea simu haraka, kama kitu cha moto.

Niliishika. Mama, aliyekwisha kujua habari ya vile vidole vinne, alikuwa ananitazama.

"Abti," nikasema, maana kwetu binamu wa mama naye huitwa hivyo.

"Mwanangu! Zilitosha? Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia mtu."

Nilikuwa nimepata muda mwingi wa kulitayarisha lile neno. Wiki kadhaa. Lilikuwa tayari, zima, mdomoni mwangu.

"Zilitosha, abti," nikasema.

Mama akachukua kikombe chake, akaenda kukaa upande ule mwingine wa gari.